Mstari Nilioruka

Habari za kifo cha M'Ikiara zilinifikia hapa Embu siku nne baada ya kuzikwa. Nilikuwa nimekaa jikoni nikichambua maharage ya njahi, simu ikalia, akawa ni mwanamke mmoja tuliyeimba naye kwaya Mitunguu tukiwa wasichana. Hunipigia mara moja moja kunieleza nani ameoza binti na nani ameaga dunia. Alianza na mvua, akaja kwa goti lake linalomsumbua, kisha akasema kama mtu anayetaja jambo dogo, "Na yule mlinzi wa shamba la chama, yule wa mguu, tulimzika Jumamosi." Nilimuuliza kama watu walikuwa wengi. Akasema walikuwa wa kiasi. Halafu akacheka kidogo. "Si unamkumbuka? Yule aliyeshindwa na nguruwe na bunduki iko mkononi." Nilimwambia namkumbuka. Tukaagana, nikarudi kwa njahi zangu, na ilipita muda kabla sijagundua kwamba nilikuwa nikitupa nzuri na kubakiza mawe.

Mwaka ule nilikuwa karani wa chama cha wakulima wa ndizi, Mitunguu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne miezi michache tu iliyokuwa imepita, na katika ofisi ile hapakuwa na mwingine aliyefika huko. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya stoo, kimegawanywa kwa mbao nyembamba: upande mmoja meza yangu na taipureta, upande wa pili meza ndefu ya kamati. Harufu ya ndizi zinazoiva iliingia kila mahali, hata kwenye karatasi, hata kwenye nywele zangu. Mchana jua la huko chini lilipiga mabati mpaka yakalia, na mimi nikila githeri yangu kutoka kwenye kopo niliweza kusikia kila neno lililosemwa upande wa pili, kwa sababu mbao zile hazikufika juu. Mwenyekiti, Bwana Murungi, alikuwa mtu mrefu aliyevaa sweta hata kwenye joto lile. Barua ikija kwa Kiingereza ilinijia mimi kwanza, naye aliwaambia wageni, "Huyu msichana ndiye macho yetu." Sijui kama mtu mwingine amewahi kunisifu kwa maneno yaliyoniingia kama yale. Nilianza kutembea tofauti. Nilianza pia kuogopa kitu ambacho sikuwahi kukiogopa shuleni, nacho ni kusema sijui.

Shamba la chama lilikuwa chini kando ya mfereji, migomba tupu mpaka macho yachoke, na ng'ambo ya mfereji kulikuwa na kichaka kilichoteremka hadi mtoni. Nyani walikuja mchana. Nguruwe mwitu walikuja kunapopambazuka, wakafukua nduma zilizopandwa kwenye kingo na kuangusha migomba michanga. Mlinzi alikuwa M'Ikiara, mtu wa miaka arobaini hivi, mfupi, mwenye mabega mapana na maneno ya polepole. Zamani aliwahi kuajiriwa na serikali kufukuza wanyama waharibifu, kwa hiyo ndiye peke yake kati yetu aliyejua bunduki. Pale chamani alikuwa na mbwa wawili, panga, na debe la kupiga. Kamati iliomba kibali, na baada ya kungoja miezi kadhaa polisi walikitoa: bunduki iwe ya chama, mshikaji awe M'Ikiara.

Tulipanda Meru mjini siku ya Jumatano kwa pikapu ya chama, Bwana Murungi akiendesha, M'Ikiara dirishani, mimi katikati nikiwa nimevaa rinda langu la kanisani. Duka la bunduki lilikuwa la Mzee Sefu, wa zile familia za Kiislamu zilizokaa mjini tangu zamani na kuchanganya damu za watu wengi. M'Ikiara alimjua na kumwamini, njiani alisema, "Sefu atatuambia." Lakini Mzee Sefu hakuwepo. Alikuwa amekwenda Embu kutazamwa macho, na aliyemshikia duka siku ile ni ndugu yake, Bwana Idi, mtu mkarimu aliyejua kufungua makabati na kuandika rejista, si zaidi ya hapo. Alituletea chai ya tangawizi na mandazi ya moto kutoka nyumba ya nyuma, ambako wanawake walikuwa wakicheka juu ya jambo fulani la harusi. Nakumbuka kicheko kile vizuri kuliko nyuso zetu. Chumba kilinuka mafuta ya mashine. Bwana Idi alitandika gunia safi mezani akaweka bunduki mbili, zote za mitutu miwili iliyolala sambamba, zinafanana kama ndugu mpaka ushuke macho pale kidole kinapokaa. Moja ilikuwa na triga mbili, moja nyuma ya nyingine. Ile ya pili ilikuwa na triga moja tu.

M'Ikiara aliichukua ya triga mbili hata kabla hajaambiwa, akaiweka begani, akaishusha.

"Hii ndiyo naijua," alisema. "Triga ya mbele ni mtutu wa kulia, ya nyuma ni wa kushoto. Kulia naweka chembe ndogo za kutishia nyani. Kushoto naweka zile kubwa za nguruwe. Kidole kinajua kinaenda wapi. Na risasi moja ikikataa, nateleza kidole tu, nakuta ingine."

"Na hii?" Bwana Murungi aliuliza. Alikuwa ameshika ile ya triga moja, na nilimwona ameipenda. Mbao zake zilikuwa nyekundu na za kung'aa.

"Hiyo sijawahi kutumia. Unavuta inalia ya kwanza, unavuta tena inalia ya pili. Lakini ndani inafanya nini, mimi sijui."

"Vitu vya siku hizi vimerahisishwa, M'Ikiara. Ukiwa na baridi asubuhi, ukiwa na haraka, kwa nini utafute triga mbili?"

Bwana Idi alisema bila kuficha kwamba yeye si fundi, na kama tungeweza kurudi Ijumaa kaka yake angekuwepo. Bwana Murungi hakutaka kurudi Ijumaa. "Lakini hii iko na karatasi yake," Bwana Idi akasema, akavuta droo. "Imeandikwa kila kitu." Bwana Murungi aliichukua, akaitazama kidogo, akanikabidhi mimi mbele ya wote. "Tusomee, mwari. Karatasi ikisema ni nzuri, tutaichukua. Ikisema ina ubaya, tutachukua ile ya M'Ikiara. Ni haki hivyo?" M'Ikiara alifikiri, akasema ni haki.

Nilisimama kusoma, kama darasani. Ilikuwa karatasi ya kukunja, kurasa nne za Kiingereza cha herufi ndogo. Nilisoma sentensi moja, nikaieleza kwa Kimeru, nikasoma nyingine. Kwamba kidole hakihitaji kuhama. Kwamba mshiko unabaki ule ule kwa risasi zote mbili. Kwamba ni ya haraka, na inamfaa hata mtu wa vidole vinene. Hapo Bwana Murungi alivitazama vidole vya M'Ikiara na wote tukatabasamu. Kisha nikageuza ukurasa, nikakuta mstari ambao sikuuelewa. Ulisema kwamba mtutu wa pili hutayarishwa na kitu fulani cha mtutu wa kwanza, na neno la hicho kitu lilikuwa "recoil." Sikuwahi kuliona. Baada yake kulikuwa na maelezo ya nini cha kufanya na kifungio cha usalama kilicho juu ya bunduki endapo hicho kitu kitakosekana. Kwa kuwa sikulijua lile neno, maelezo yote yaliyofuata yaligeuka giza. Niliinua macho. Bwana Murungi alikuwa ananitazama na ule uso wake wa fahari. Bwana Idi alikuwa amesimama na birika mkononi, akingoja. Ningeweza kusema, hapa kuna neno sijui. Ni maneno manne. Badala yake nilishuka na macho mpaka aya iliyofuata, iliyohusu namna ya kupaka mafuta, nikaendelea kwa sauti ile ile bila kukwama.

Nilipomaliza, M'Ikiara aliniuliza kwa upole, "Hapo hapajasema kitu kingine, mwari? Juu ya kukataa?"

"Hakuna kingine," nikamjibu.

"Basi," akasema, akairudisha bunduki ya triga mbili kwenye gunia. Aliiweka taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto, akachukua ile nyingine.

Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na miwili. Nimesimama mbele ya watoto wa Embu na Runyenjes na Siakago, na kila darasa jipya nililiambia kwamba mtu asiyelijua neno aseme halijui, hakuna aibu. Walidhani ni tabia yangu ya upole. Wengine walinipenda kwa sababu hiyo, na wapo wanaonisalimia barabarani hadi leo wakiwa na mvi wakisema, Mwalimu, wewe hukutuchapa kwa kutojua. Huwa najibu salamu zao na kupita haraka.

Kama mambo yangeishia dukani, labda ningejisamehe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na kichwa kilichojaa sifa. Lakini hayakuishia pale. Wiki tatu baadaye mvua zikaanza, kazi ikapungua, nami nikaazima kamusi ya mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya jirani ili nijiandae na maombi ya chuo cha ualimu. Alasiri moja, mvua ikipiga mabati hata huwezi kujisikia ukikohoa, nililitafuta lile neno. Nilitoa karatasi kwenye faili, nikaiweka kando ya kamusi, nikasoma tena polepole, nikaelewa. Neno lile lilikuwa ni lile teke ambalo bunduki humpiga mpigaji begani inapolia. Karatasi ilikuwa ikisema kwamba teke la risasi ya kwanza ndilo linalomtayarishia mpigaji mtutu wa pili. Risasi ya kwanza isipolipuka hakuna teke, na bila teke triga inakufa. Utavuta mpaka kesho na ile risasi nzima iliyo kushoto haitalia. Isipokuwa ukisukuma kifungio cha juu kwa kidole gumba, nyuma kisha mbele. Basi. Kusukuma mara moja tu kwa kidole gumba, na M'Ikiara hakuambiwa.

Nilikusudia kusema Jumatatu. Jumatatu hiyo Bwana Murungi alikuja na wageni wa chama kingine kutoka Mikinduri, akawaonyesha bunduki, akasema kwa sauti iliyopita juu ya mbao, "Na huyu msichana wetu ndiye aliyetuchagulia. Alisoma Kiingereza kama maji." Nikaendelea kupiga taipureta. Jumamosi iliyofuata nilikwenda nyumbani kwa M'Ikiara kabisa, nikiwa na karatasi mkobani. Niliwaza kwamba nitamwambia yeye peke yake, bila kamati, na hakuna atakayejua. Mkewe, Karambu, alinikalisha jikoni kwenye kigoda, karibu na moto. Alikuwa amepika mukimo wa ndizi na mboga za kunde, akanipakulia sahani iliyojaa kwa sababu alidhani nimetembea kutoka mbali kwa heshima yao. M'Ikiara aliingia akiwa amelowa, akaketi, akaanza kusimulia. Alikuwa ameanza kuipenda ile bunduki. Alisema ni nyepesi, na kwamba nyani sasa wakiiona tu kwa mbali wanashuka migombani bila kungoja. "Mimi ni mtu wa zamani," aliniambia, "nilikuwa nabishana na karatasi. Kumbe karatasi ilikuwa inajua." Karambu alicheka, akaniongeza mboga. Nilikula sahani yote. Nilikuwa na mdomo na nilikuwa na karatasi, na wale watu wawili ndio pekee katika Mitunguu nzima ambao wasingenicheka. Nilishukuru kwa chakula, nikaondoka. Karambu alinisindikiza mpaka njiani chini ya gunia la kujikinga mvua, akanipa kichane cha ndizi mbivu nipeleke nyumbani.

Mvua ziliendelea. Risasi za M'Ikiara zilikaa kwenye sanduku la mbao ndani ya kibanda chake cha ulinzi, na kibanda kilivuja. Sikuyajua hayo wakati ule, lakini yeye mwenyewe aliyasema baadaye bila kuficha. Asubuhi moja, kama saa mbili na nusu, nilikuwa nafungua dirisha la ofisi nikasikia mbwa wakibweka chini kwenye mfereji, halafu mmoja akalia, halafu mtu. Sikusikia mlio wa bunduki. Nilisimama na mkono kwenye dirisha nikingoja niusikie, na ninavyokumbuka nilingoja muda mrefu, ingawa haiwezekani ulikuwa mrefu. Watu walikimbia. Walimleta juu amelazwa kwenye mlango wa kibanda walioung'oa, uso wake wa rangi ya majivu, mguu wa kulia umefungwa shati la mtu. Mbwa walikuwa wamemkwamisha nguruwe dume kwenye kona ya mfereji, naye M'Ikiara akasogea karibu, akavuta, pakawa kimya. Nguruwe alimjia, akampasua nyuma ya goti kwa jino. Karambu alifika amevaa kiatu kimoja. Hakulia. Alipanda nyuma ya pikapu akaweka kichwa cha mumewe mapajani mwake, na wakaenda hospitali, na mimi nikabaki nimesimama kwenye matope na wale mbwa.

Mguu haukukatwa, lakini haukukunjika tena maisha yake yote.

Kamati ilikutana baada ya wiki sita, M'Ikiara alipoweza kuja kwa magongo. Siku ya kikao, kabla hajafika, niliwasikia ng'ambo ya mbao. Mmoja wa wanakamati alisema, "Lazima kuwe na kosa la mtu. Tukisema ni bunduki, wakulima watauliza ni nani alichagua." Mwingine akasema, "Si ni msichana aliyesoma?" Kisha sauti ya Bwana Murungi, bila hasira: "Msichana mwacheni. Barua yake ya chuo nimeshaiandika, iko hapa inangoja muhuri. Hakukosea kitu." Nilikuwa na faili ya bunduki mbele yangu. Nilitoa ile karatasi ya kukunja, nikaitia ndani ya rinda, nikafunga faili.

Polisi aliyekuja alikuwa mtu wa adabu, aliyezoea bunduki za askari. Alisema aliijaribu bunduki kwa risasi mpya na ililia mara mbili bila shida. Kisha akaweka mezani risasi mbili zilizotolewa siku ya ajali. "Hii ya kulia ina alama ya pini," alisema. "Maana yake alivuta, na risasi ikakataa kwa sababu ya maji. Hilo si kosa kubwa. Lakini hii ya kushoto ni safi. Haijaguswa. Kama angevuta tena, ingekuwa na alama, na ingelia."

"Nilivuta mara mbili," M'Ikiara alisema.

"Mzee, risasi haina alama."

"Nilivuta mara mbili. Ya pili triga ilikuwa legevu, kama imekufa."

Wanakamati walitazamana. Bwana Murungi alisema polepole, kama anayemwonea huruma, "M'Ikiara, mtu akiona mnyama anamjia, anaweza kudhani amefanya kitu ambacho hakufanya. Hakuna anayekucheka." Lakini mtu mmoja alikuwa tayari ameficha tabasamu.

M'Ikiara akageuka kwenye benchi, mguu wake umenyooshwa mbele kama mti, akanitafuta. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nikiandika kumbukumbu za kikao. "Muulizeni huyu," alisema. "Ndiye alisoma. Mwari, karatasi ilisema nini risasi ya kwanza ikikataa?"

Karatasi ilikuwa imegusa tumbo langu. Nilisema, "Haikusema kitu."

Aliniangalia. Hakuwa na hasira, na sidhani alinishuku. Alikuwa anatafuta mtu mmoja wa kumwambia kwamba hakuota, na mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho katika chumba kile. Akageuka, akatazama magongo yake. Nikaandika kwenye kumbukumbu, kwa mwandiko wangu mzuri, kwamba mlinzi alivuta mara moja, akashikwa na hofu, akaiacha silaha. Jioni hiyo nikipika kwa mama niliichoma ile karatasi chini ya sufuria. Barua yangu ilipata muhuri. Januari nilikuwa chuoni, na sikurudi kukaa Mitunguu tena.

Nilirudi kwa harusi na mazishi, na nilimwona kutoka mbali mara nne au tano. Alishona viatu sokoni, amekaa kwenye kiti kifupi, ule mguu umetoka njiani na watu wanauruka. Watu walimtania mbele yake, si kwa ubaya mkubwa, kwa mazoea. Mtu akiwa na viatu vya kushonwa alisema anapeleka kwa yule aliyetupa bunduki. Mara moja nilikwenda mpaka nikawa hatua kumi kutoka kwake, na viatu vyangu vikiwa vizima kabisa. Nikanunua maembe kwa mama aliyekuwa kando, nikarudi.

Kwa hiyo wiki iliyofuata baada ya ile simu nilisafiri kwenda Mitunguu. Karambu sasa ni mwanamke mzee, mdogo wa mwili, na anasikia vizuri. Alinipokea kama mgeni wa msiba, akaniita Mwalimu, akamwambia mwanawe mkubwa, Gitonga, alete kiti. Nyumba ilikuwa bado na viti vya kuazima vilivyopangwa uani. Nilimwomba tuongee peke yetu. Tuliingia ndani, nami nikasema yote: duka, mstari, kamusi, mukimo alionipakulia, kikao, moto. Sikujitetea. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kilio, au kwa kufukuzwa.

Karambu akauliza, "Alivuta mara mbili?"

"Mara mbili. Mara ya pili bunduki ndiyo iliyokataa. Na risasi ilikuwa lazima ibaki safi."

"Alikuwa ananiambia," alisema. "Miaka ya kwanza alikuwa ananiambia karibu kila siku. Tumekaa hivi, tunakula, anainua kidole, ananionyesha. Hivi, na hivi." Alinionyesha kwa kidole chake mwenyewe kilichopinda. "Mimi nilikuwa nimeshachoka kuchekwa mtoni. Siku moja nikamwambia, wewe uliogopa, kila mtu anaogopa, sema tu uliogopa tukae kwa amani. Hakusema tena juu ya hiyo bunduki. Mpaka amekufa hakusema tena."

Nilijua ninalobeba, nililibeba miaka mingi hata nikauzoea uzito wake. Sikuwa nimejua kwamba nikilitua litamwangukia yeye. Nilitaka kumwambia kwamba hilo nalo ni langu, lakini alikuwa amesimama na kwenda mlangoni kumwita Gitonga. Akanifanya nirudie yote mbele yake, neno kwa neno. Gitonga ni mtu mzima, ana wajukuu. Alisikiliza akiwa ameegemea ukuta.

"Baba alikuwa na akili zake zote mpaka mwezi uliopita," alisema nilipomaliza. "Ungekuja mwezi uliopita."

"Ningekuja—"

"Hapana, Mwalimu. Usiseme ungekuja. Hukuja." Akamtazama mama yake. "Andika. Kwa Kimeru. Uandike jina lako. Jumapili isomwe kanisani."

Niliandika pale pale, kwenye karatasi mbili za daftari la mjukuu. Jumapili nilikaa benchi la nyuma. Watu wa ile kamati walishakufa wote, Bwana Murungi wa kwanza, na wengi waliojaa mle kanisani walikuwa vijana ambao hawakujua ni bunduki gani inayosemwa. Katibu wa kanisa aliisoma kati ya tangazo la harusi na tangazo la kufyeka nyasi za makaburini. Alikosea jina langu, akalirudia. Wasichana wawili mbele yangu walikuwa wakinong'onezana juu ya kiatu. Lakini alipofika pale penye kikao, Karambu aliinuka kutoka benchi la kina mama, akashika mgongo wa benchi la mbele, akasimama. Mwanamke mwingine wa rika lake akainuka naye, kisha wazee watatu upande wa wanaume, na mmoja wao alivua kofia aliyokuwa amesahau kuivua mlangoni. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Katibu alisoma mpaka mwisho, akakunja karatasi, akaenda kwa tangazo lingine, na wale watano wakabaki wamesimama kwa muda, halafu wakakaa.

Nje, baada ya ibada, nilimngoja Karambu karibu na lango ili nimuage. Alipita na wajukuu wake, akanipa mkono kama anavyoupa kila mtu, akaendelea na njia ya kwenda nyumbani.